Unarudi kwenye Baiskeli? Anza na Mwili Wako

Ndugu msomaji, ni miaka mingapi tangu uache kuendesha baiskeli? Fikiri kidogo kabla ya kujibu. Wengi wetu tuliendesha sana tulipokuwa vijana. Tulikwenda shamba kwa baiskeli. Tulipeleka mahindi mashineni kwa baiskeli. Mgonjwa alipozidiwa usiku, tulimfunga kwenye keria kwa kanga mbili tukamsukuma mpaka zahanati. Kisha zikaja pikipiki. Baiskeli tukaiegemeza ukutani, na kuku wakapata mahali pa kulala.

Sasa wewe una miaka 45, au 50, au 60. Ukitaka kwenda stesheni ya Goweko, unaita bodaboda. Ukitaka kwenda mnadani, unaita bodaboda. Hata kumjulia hali shemeji yako, bodaboda. Siku moja unakwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi. Mganga anakufunga mpira mkononi na kukupima. Anakuambia kwamba shinikizo la damu limepanda. Anakuandikia dawa, na tena anakuambia ufanye mazoezi.

Hapo ndipo wengi hucheka. Husema, "Mazoezi gani tena? Mimi ni mkulima." Ni kweli, wewe ni mkulima. Lakini mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili au karibu na hapo. Katika miezi hiyo unalima kweli kweli. Je, Julai na Agosti unafanya nini? Asiye na tumbaku ya kuchambua wala mizinga ya kurina hukaa chini ya mwembe. Moyo haujui kwamba ulilima Desemba. Moyo unataka kazi kila wiki.

Shinikizo la juu la damu halina kelele. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi asisikie chochote. Siku anayoanguka na kupooza upande mmoja, watu husema amerogwa. Kwa hiyo jua namba zako. Mpimaji hukupa namba mbili. Ya juu ikifika 140 au kupita, au ya chini ikifika 90 au kupita, tena kwa siku mbili tofauti, wewe una shinikizo la juu. Baiskeli itakusaidia kulishusha, lakini si badala ya dawa. Usitupe vidonge kwa sababu umenunua baiskeli.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 mpaka 300 kila wiki. Hebu tufanye hesabu ya kwetu. Nyumba yako iko kilomita 5 kutoka stesheni. Kwenda na kurudi ni kilomita 10. Kwa mwendo wa pole kwenye njia ya mchanga, hiyo ni karibu saa nzima. Ukienda mara tatu kwa wiki, umepata dakika 180. Tena umefika ulikokuwa unakwenda, na nauli ya bodaboda imebaki mfukoni.

Kabla ya kununua, nenda zahanati. Nasema hivi hasa kwa mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mwenye maumivu ya kifua, na aliyewahi kupooza. Mwambie mganga, "Nataka kuanza tena baiskeli." Muulize pia juu ya macho yako. Mtoto wa jicho huingia polepole. Mtu huzoea ukungu, akadhani ni vumbi. Ukiwa unatembea kwa miguu unaweza kuvumilia. Juu ya baiskeli utamwona mbuzi akiwa tayari mbele ya gurudumu.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe.

Mimi mwandishi wa ukurasa huu niliacha baiskeli kwa miaka 14. Siku niliyoamua kurudi, nilikwenda mjini nikanunua kwa macho. Niliiona ndefu, nyeusi, inang'aa, imefungwa makaratasi bado. Nikakumbuka ile ya marehemu baba. Muuzaji alisema, "Mzee, hii ni ya watu wazima." Nikalipa. Wiki ya pili nilisimama ghafla kwenye mchanga, mguu ukatafuta ardhi na kuikosa. Nilianguka nayo ubavuni. Goti liliuma mwezi mzima. Nilipompelekea fundi, aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hii baiskeli uliazima?"

"Marahaba. Ni yangu, nimenunua."

"Basi umenunua ya mtu mwingine."

Alikuwa na haki. Kosa halikuwa la baiskeli. Ilikuwa na fremu ya inchi 24, na miguu yangu ni ya inchi 22. Kumbe baiskeli zile kubwa hutoka kwa vimo tofauti! Baba yangu alikuwa mrefu. Mimi nilirithi jina lake tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kimo. Panda juu ya baiskeli, simama ukiwa umetanguliza mguu mmoja kila upande, nyayo zote mbili chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kama bomba linakugusa, hiyo ni kubwa mno. Irudishe, hata kama muuzaji ananuna. Ulipokuwa kijana wa miaka 20 uliweza kuruka ukashuka kwa mbio. Sasa unahitaji kushuka kwa heshima.

Jambo la pili ni kiti. Hapa ndipo magoti ya watu yanapoharibika, na dawa yake ni spana tu. Egemeza baiskeli ukutani, au mwambie mwanao aishike. Kaa juu ya kiti. Weka kisigino juu ya pedeli, na pedeli iwe chini kabisa. Mguu unyooke bila wewe kuinamisha kiuno. Sasa rudisha sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedeli, kama unavyoendesha. Goti litajikunja kidogo. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiti kiko juu mno. Katika wiki mbili za kwanza unaweza kukishusha kidogo ili miguu ifike chini upesi, mpaka woga uishe. Kisha kipandishe.

Kiti kilale sawa. Kikinyanyua pua juu, wanaume hupata ganzi katikati ya mapaja. Ukisikia ganzi, usione haya. Simama, shuka, tembea kidogo, kisha laza kiti. Na hapa nawajibu akina mama, kwa sababu swali hili husemwa kwa kunong'ona. Baiskeli haiharibu kizazi. Wanawake wameendesha baiskeli tangu karne ya 19, na wamezaa. Mama mjamzito ndiye aulize zahanati kwanza, kwa sababu ya hatari ya kuanguka.

Sasa ni baiskeli ya aina gani? Hapa kwetu utakutana na aina mbili zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni ile kubwa nyeusi ya gurudumu la inchi 28, yenye keria nzito na breki za vyuma. Phoenix ya Uchina ni ya aina hiyo. Avon na Hero za India pia, na zamani kulikuwa na Raleigh ya Uingereza. Ni nzito, karibu kilo 20. Haina gia. Lakini fundi yeyote chini ya mti anaijua, na vipuri vyake vinauzwa hata kwenye mnada. Aina ya pili ni ya gurudumu la inchi 26, tairi pana lenye meno, mara nyingi ina gia. Nyingi ni za mtumba.

Watu hupenda gia. Wanafikiri gia nyingi ndiyo baiskeli bora. Gia husaidia kweli, hasa mtu anayeanza upya na ambaye goti lake ni bovu, maana anaweza kukanyaga kwa wepesi. Lakini tazama nchi yetu. Tabora ni tambarare ya juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na milima ni michache. Shida yetu ni mchanga wakati wa kiangazi, na tope la mbugani wakati wa masika. Mchanga na tope huingia kwenye gia za nyuma zikakwaruza na kukataa. Ukipata kipuri, utakifuata Tabora mjini kwa treni.

Nionavyo mimi, kama utabeba maji, mkaa au gunia la mpunga, chukua ile nyeusi ya inchi 28. Kama unataka kwenda stesheni na kurudi, kwenda kutembelea ndugu Jumapili, na kujenga moyo wako, tafuta ya inchi 26 yenye tairi pana. Tairi pana hukaa juu ya mchanga, na tairi jembamba hukata mchanga kama kisu. Kama ina gia, hakikisha chache unazotumia zinashika. Gia tatu zinazofanya kazi zinakutosha. Mama anayevaa gauni au kanga achague ile yenye bomba lililoinama katikati, tena yenye kifuniko cha cheni. Kanga ikiingia kwenye cheni, humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele.

Kama unanunua ya mtumba au ya jirani, usiangalie rangi. Rangi hupakwa asubuhi ikauzwa jioni. Pitisha kidole kwenye maungo ya fremu, hasa chini ya usukani, ukitafuta ufa au mahali palipochomelewa. Tazama foko kwa upande. Kama imerudi nyuma, baiskeli hiyo iligonga kitu. Inua gurudumu ulizungushe. Rimu ikicheza kushoto na kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda. Kamata pedeli uzisukume kwa upande, huku na huku. Zikicheza, gololi zimekwisha au mkono wa pedeli umelegea. Vuta cheni mbele, pale kwenye gurudumu la meno. Ikinyanyuka mpaka ukaona meno wazi, cheni imechakaa, na meno nayo yako njiani. Mwisho, sukuma baiskeli ukiwa umefunga breki ya mbele, halafu ya nyuma. Gurudumu likizunguka, breki hakuna. Hayo mengine yanatengenezeka, nawe unaweza kuyatumia kupunguza bei. Lakini fremu yenye ufa usiichukue hata ukipewa bure.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, huko Belfast, alitengeneza tairi la kujaza upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo watu waliendesha juu ya mpira mgumu, na nyingine za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya chuma. Mifupa yao ilijua. Upepo ndani ya tairi ndio unaolinda mgongo wako. Ujaze ugumu wa kutosha. Bonyeza kwa kidole gumba. Tairi liingie kidogo tu. Kwenye mchanga mwingi unaweza kulegeza kidogo, lakini likilegea sana rimu itakata mpira wa ndani. Nunua pampu siku hiyo hiyo unayonunua baiskeli, pamoja na viraka na gundi. Mwenye baiskeli asiye na pampu ni mtembea kwa miguu anayesukuma chuma.

Umekwisha nunua. Sasa usianze kwa kwenda Igalula! Wiki ya kwanza, zunguka kijijini jioni, dakika 10 au 15. Jifunze tena kusimama. Jifunze tena kutazama nyuma bila kuyumba, jambo ambalo vijana hawafikirii na wazee husahau. Wiki ya pili fanya dakika 20. Ongeza polepole, mpaka ufike nusu saa bila kuchoka sana. Kipimo ni hiki: ukiwa juu ya baiskeli uweze kuongea na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, kaza kidogo. Usipoweza kuongea, punguza.

Mapaja yatauma, na matako yatauma. Hayo hupita katika wiki mbili. Lakini yapo maumivu yasiyopaswa kuvumiliwa. Kifua kikibana, maumivu yakienda begani au taya la kushoto, jasho baridi likitoka, kizunguzungu kikija, au ukikosa pumzi hata baada ya kusimama, shuka papo hapo. Kaa kivulini. Tafuta mtu akupeleke kituo cha afya, na hapo bodaboda ni halali kabisa. Mwenye kisukari anayetumia dawa ya kushusha sukari asiende na njaa. Abebe kipande cha muwa au sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, ale mara moja. Na avae viatu, si kandambili. Kidonda cha mguu wake hakiponi upesi.

Juu ya mizigo nina maneno. Njia hii yetu ni ya zamani. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita nchi hii, ikivuka mapori ya Tura, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama frasila mbili kila mmoja, ndiyo kilo 32 hivi, kwa miezi mitatu. Walikuwa vijana waliochaguliwa, na wengi hawakurudi. Leo mtu wa miaka 55 anafunga madumu matatu ya lita 20 kwenye keria. Hizo ni kilo 60! Halafu anashangaa kwamba mgongo unauma. Ukianza upya, beba dumu moja. Baada ya miezi miwili beba mawili, moja kila upande, ili baiskeli isilalie. Mlimani shuka usukume. Hakuna anayekucheka ila wajinga.

Chagua saa zako. Asubuhi na mapema au jioni ni bora kuliko saa sita mchana, hasa mwezi wa Oktoba jua linapochoma. Beba chupa ya maji safi, unywe kidogo kidogo kabla hujasikia kiu. Pombe ya kienyeji si maji. Nayo huongeza mkojo, hupunguza akili, na njia hukuonekana mbili.

Kama njia yako inapita porini, kumbuka ndorobo, yaani mbung'o. Mdudu huyu hufuata kitu kinachotembea, na baiskeli inatembea. Hupenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Vaa nguo nene kidogo za rangi ya udongo au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Huuma hata kupitia nguo nyepesi. Ukiumwa naye, siku au wiki chache baadaye ukapata uvimbe pale alipokuuma, homa, na kichwa kuuma, usiishie kununua dawa ya malaria dukani. Nenda ukamweleze mganga kwamba ulipita porini na kwamba uliumwa. Malale hupona ikiwahiwa.

Barabara ya lami kutoka Tabora kwenda Manyoni nayo imekamilika, na mabasi na malori hukimbia sana humo. Ukifika huko, kaa kushoto kabisa. Mkiwa wawili, mmoja aende mbele na mwingine nyuma, mazungumzo yatasubiri. Basi likija nyuma na lingine mbele, toka pembeni usimame. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata. Usiku uwe na taa mbele na kioo chekundu nyuma, na shati jeupe. Tochi ya simu mdomoni si taa.

Na ile baiskeli ya ukutani, je? Usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hujaifanyia vipimo nilivyoeleza. Ifute mavi ya kuku. Pima bomba la juu kwa miguu yako. Tazama fremu. Mara nyingi inahitaji matairi mawili, mipira ya ndani, gololi mpya, mpira wa breki na mafuta kwenye cheni. Kaa na fundi mnapoifanyia kazi, umwone anavyofungua na kufunga, maana siku tairi litakapopasuka katikati ya Goweko na Nyahua, fundi hatakuwapo. Mimi ile ndefu nilibadilishana na kijana mmoja mrefu, mwalimu wa shule ya msingi. Alinipa ya inchi 26 yenye madigadi yaliyopinda. Nimeiendesha mwaka wa tatu sasa, na Jumamosi hii nakwenda nayo mnadani.